Jamii ya Tanzania Bara tangu Enzi za Mjerumani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo huulizwa na wanafunzi, walimu na wazazi wanaotaka kuwaeleza watoto wao nchi ilikotoka. Majibu yanahusu Tanzania Bara, yaani sehemu kubwa ya eneo lililoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani na baadaye Tanganyika. Jambo moja linapita katika karibu majibu yote. Mengi tunayoyadhania kuwa ya asili, kama mipaka ya makabila na uchifu, yalipewa sura yake na serikali za kikoloni. Na mengi tunayoyahesabu kuwa kazi ya serikali, ukiwemo umoja wa Watanzania, yalianzishwa na watu wa kawaida katika makambi ya mkonge, vyumba vya kupanga na viwanja vya ngoma.

Ukoloni ulianza lini hasa?

Mwaka unaotajwa zaidi ni 1885. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya mikataba kwa watawala wa huko, akiwemo Mangungo wa Msovero, na tarehe 27 Februari 1885 Kaizari wa Ujerumani akaipa kampuni yake hati ya ulinzi. Lakini tarehe hiyo ni ya Berlin. Kwa mtu wa Pangani ukoloni ulianza mwaka 1888, Wajerumani walipokuja kushika forodha na kupandisha bendera yao, jambo lililowafanya Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani kushika silaha. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Kwa Mhehe ulianza baadaye zaidi, kwa sababu Mkwawa alilishinda jeshi la Kijerumani pale Lugalo mwezi Agosti 1891 na hakupatikana hadi alipojiua mwaka 1898. Na kwa vijiji vingi vya ndani, ambavyo havikuona vita wala mkataba, ukoloni ulianza siku mtoza kodi alipofika mlangoni.

Je, ni kweli kwamba kabla ya hapo kila kabila liliishi peke yake?

Si kweli, na dhana hii inafaa iachwe. Wanyamwezi walikuwa wakibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo miongo mingi kabla ya Mjerumani, chumvi ya Uvinza ilisafiri mbali, majembe ya chuma yalibadilishwa kwa mifugo, na utani baina ya Wanyamwezi na Wazaramo, au Wasukuma na Wazaramo, ulikua pamoja na safari hizo. Mtani alikuwa mtu wa kukupokea ugenini, kukuzika ukifa njiani, na kukutukana bila ugomvi.

Hata hivyo, tusipambe mambo. Njia zilezile zilipitisha watumwa kwenda Bagamoyo na Kilwa, na familia nyingi za pwani na za Ujiji zina mizizi katika historia hiyo ingawa hazipendi kuizungumzia. Serikali ya Kijerumani haikuufuta utumwa mara moja. Iliamua tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya 1905 wawe huru. Sheria ya kuukomesha kabisa ilitungwa na Waingereza mwaka 1922, maana yake ni kwamba wapo Watanzania walio hai leo ambao babu au bibi zao walizaliwa utumwani.

Ni badiliko gani lililogusa watu wengi kuliko yote?

Kodi. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba, ambayo baadaye vijijini iliwekwa kuwa rupia 3 kwa mwaka, na Waingereza wakaiendeleza kwa jina la kodi ya nyumba na ya kichwa. Mtu aliyekuwa na mihogo ghalani, mbuzi zizini na watoto wenye afya alijikuta mdaiwa, kwa sababu serikali ilitaka fedha taslimu, na fedha zilipatikana kwa njia mbili tu: kulima zao la kuuza au kwenda kuuza nguvu.

Mikoa ya leo bado inaonyesha nani aliambiwa achague lipi. Kilimanjaro na Bukoba zilipata kahawa, na Usukumani ikaja kupata pamba. Kigoma, Songea, Njombe na sehemu za Singida zilifanywa hazina ya vibarua, na barabara, shule na hospitali zikachelewa huko kwa sababu hakukuwa na zao la kusafirisha. Mtu anayeuliza kwa nini mikoa fulani ilibaki nyuma aanze hapo kabla ya kuilaumu tabia ya watu wake.

Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, na miche iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu, lakini ndiyo iliyozaa mashamba yaliyotanda Tanga, Korogwe na Morogoro. Waliokwenda kuyafanyia kazi waliitwa manamba. Manamba alipewa kipande, karatasi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Alfajiri alikwenda kukata, akiondoa mwiba kwenye ncha ya kila jani, akifunga majani mafungu mafungu na kuyapanga kando ya reli ndogo ya shamba. Msimamizi alipoyahesabu na kuridhika, siku moja ilitiwa alama. Fungu likipungua, siku haikuhesabiwa, na mshahara haukutoka mpaka kipande kijae, hata kama miezi miwili ingepita. Nyumbani mke alibaki na shamba, mifugo, wazee na watoto, na kazi zilizokuwa za wanaume, kama kufyeka pori jipya, zikamwangukia yeye. Mgawanyo huo wa kazi unaoitwa mila katika baadhi ya maeneo ulizaliwa wakati huo, na tungependa watu waufahamu hivyo.

Kodi ya aina hii, iliyokuja kuitwa kodi ya maendeleo, ilifutwa mwaka 2003. Wapo wanaokumbuka wazazi wao wakijificha vichakani wanamgambo walipopita.

Vita vya Maji Maji viliacha nini?

Viliacha ukame wa watu. Vita vilianza katika Milima ya Matumbi mwezi Julai 1905, watu wakikataa kilimo cha lazima cha pamba, na maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yaliyaunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana upande mmoja. Wajerumani walipoona wapiganaji wametawanyika, walichoma vijiji na maghala na kuharibu mazao mashambani, wakijua kwamba njaa itamaliza kilichobaki. Makadirio ya waliokufa hutofautiana sana, kuanzia 75,000 hadi karibu 300,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Sehemu kubwa za kusini zilibaki tupu, pori likarudi pamoja na mbung'o na tembo, na baadhi ya ardhi iliyokuwa makazi ikaja kutangazwa kuwa hifadhi ya wanyama. Mgeni anayepigwa picha leo katika pori hilo huambiwa kwamba halijawahi kuguswa na binadamu.

Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha. Fuvu linalotambuliwa kuwa la Mkwawa lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, lakini kichwa cha Nduna (jemadari) Songea Mbano wa Wangoni, aliyenyongwa mwaka 1906, bado kinatafutwa na ukoo wake, na mabaki ya watu wengine wengi yangali katika makumbusho ya Ujerumani. Tunaona kwamba msamaha utakamilika mabaki hayo yatakaporudi kuzikwa.

Je, machifu walikuwa watawala wa asili?

Baadhi ndiyo, na baadhi walitengenezwa. Wajerumani walitawala zaidi kwa maliwali wa miji, maakida waliosimamia vikundi vya vijiji, na majumbe wa vijiji. Wengi wa maliwali na maakida walikuwa watu wa pwani wanaojua kusoma, waliopelekwa kusimamia watu wasiowahusu. Chuki dhidi ya maakida ilikuwa miongoni mwa sababu za Maji Maji. Waingereza walipopewa nchi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza walitaka njia nyingine. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, aliamini kwamba kila Mwafrika ana kabila, kila kabila lina chifu, na watu watawaliwe kupitia chifu huyo. Sheria ya mwaka 1926 ikampa chifu baraza, mahakama, hazina na mshahara.

Tatizo ni kwamba nchi haikuwa hivyo. Kusini-mashariki watu wengi waliishi kwa koo bila mtawala mkuu, Unyakyusa ilikuwa na watawala wadogo wengi, na Usukumani tawala ndogo ndogo zilizojitegemea ziliunganishwa katika shirikisho moja baada ya Vita vya Pili. Maofisa walikaa na wazee wakiandika nasaba na mila, na wazee wenye akili walielewa haraka kwamba anayesimulia vizuri ndiye atakayepata cheo. Kwa hiyo makabila yalipata mipaka iliyonyooka kuliko ilivyowahi kuwa, na mila zilizokuwa zikibadilika kila kizazi zikaandikwa zikawa sheria.

Uchifu kama mamlaka ya serikali ulifutwa mwaka 1963. Ulifutwa bila vita, kwa sababu machifu wengi walikuwa wamechukiwa kwa kukusanya kodi na kulazimisha matuta ya kuzuia mmomonyoko, na walioheshimiwa walipata nafasi katika taifa jipya: Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alikuwa waziri, na Adam Sapi Mkwawa akawa Spika wa Bunge.

Kiswahili kilieneaje hadi kuwa lugha ya wote?

Misafara ilikitangulia, Wajerumani wakakitumia ofisini na katika shule zao kuanzia ile ya Tanga ya mwaka 1892, na mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Hayo yanajulikana. Lisilosemwa vya kutosha ni kwamba manamba, mabaharia, askari, makuli wa bandarini na wanawake wa ngoma ndio waliokifanya kiwe lugha ya mapenzi, ugomvi na biashara, na lugha haienei kwa amri tu.

TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, Mwalimu Julius Nyerere alizunguka karibu nchi nzima akihutubia kwa lugha moja, na sehemu nyingi hakuhitaji mkalimani. Viongozi wa vyama vya uhuru katika nchi nyingi za Afrika hawakuwa na bahati hiyo.

Ubaguzi wa rangi ulikuwaje katika maisha ya kila siku?

Ulianzia ardhini. Dar es Salaam iligawanywa kwa kanuni za ujenzi: eneo la nyumba za Kizungu upande wa bahari, eneo la maduka na maghorofa ambalo likawa Uhindini, kisha uwanja mtupu, na ng'ambo ya uwanja huo Kariakoo, walikoruhusiwa kujenga Waafrika. Uwanja huo ndio Mnazi Mmoja. Shule, hospitali, mishahara na hata vyoo vya stesheni vilifuata mgawanyo huohuo wa Wazungu, Waasia na Waafrika.

Katika siasa ulionekana wazi katika kura tatu. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake iharibike, na haki ya kupiga kura yenyewe ilihitaji elimu, kipato au cheo. Wengi ndani ya TANU walitaka kususia. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 uliamua kushiriki, na chama kikawaunga mkono wagombea wa rangi zote waliokubali siasa yake, wakiwemo Amir Jamal, Sophia Mustafa na Derek Bryceson. Uamuzi huo uliokoa mengi. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961 bila damu, na sheria ya uraia haikujengwa juu ya rangi ya ngozi.

Lakini ubaguzi ulikuwa na jambo ambalo waliouunda hawakulitarajia. Kwa kuwa Waafrika wote walisukumwa upande mmoja wa mji, nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilijaa watu wa kila mahali: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma penye jiko na choo cha kuchangia, na baraza mbele. Chumba kimoja Mzaramo mwenye nyumba, cha pili Mmanyema, cha tatu Mnyamwezi wa bandarini, cha nne mama wa Kingoni anayepika vitumbua. Wanawake waliopokezana kinu na kulea watoto wa wenzao uani walikuwa Watanganyika kabla Tanganyika haijapata serikali yake. African Association, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929 na kuzaa TAA (Tanganyika African Association) na kisha TANU, ilitoka katika mitaa hiyo.

Elimu imebadilika kiasi gani?

Wakoloni walisomesha wachache waliowahitaji: makarani, walimu, wakalimani, watoto wa machifu. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ndiko walikopita viongozi wengi wa kizazi cha uhuru. Mwalimu Nyerere alikumbusha mara nyingi kwamba mwaka 1961 takriban asilimia 85 ya watu wazima hawakujua kusoma, na kwamba nchi ilikuwa na wahandisi wawili na madaktari 12.

Shule zilizotengwa kwa rangi ziliunganishwa baada ya uhuru, na shule za misheni zikataifishwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, hatua iliyowaumiza wengi kanisani lakini iliyowafungulia mlango watoto wa Kiislamu ambao wazazi wao waliogopa kuwapeleka wakabatizwe. Azimio la Musoma la 1974 na elimu ya msingi kwa wote ya 1977 ziliwapandisha wanafunzi wa msingi kutoka chini ya nusu milioni wakati wa uhuru hadi zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Madarasa yalijaa, walimu waliandaliwa harakaharaka, na ubora ulishuka; ukweli huo haufuti ule wa bibi aliyesoma barua ya mwanawe kwa macho yake mwenyewe baada ya kisomo cha watu wazima. Sekondari zilibaki chache kwa makusudi, na jambo hilo liligharimu nchi miaka mingi. Ada ya shule za msingi ilifutwa tena kuanzia 2001, na ya sekondari za serikali kuanzia 2016.

Mwanafunzi wa Bukoba alipangiwa Songea, wa Mtwara akapangiwa Moshi, na wote wakakutana Jeshi la Kujenga Taifa. Ndoa nyingi za watu wa makabila tofauti zina chanzo chake katika orodha ya waliochaguliwa kidato cha kwanza.

Ujamaa vijijini uliwaathirije watu?

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwaalika watu kuishi pamoja. Kuanzia mwaka 1973 mwaliko uligeuka amri. Kufikia 1977 watu wapatao milioni 13 walikuwa wamehamia katika vijiji zaidi ya 7,000, na hakuna tendo la serikali yoyote, ya kikoloni au ya uhuru, lililohamisha watu wengi hivyo kwa muda mfupi hivyo. Kuna waliohama kwa hiari, na kuna waliobomolewa nyumba wakapakiwa kwenye malori wakati wa mavuno. Chuki ilikuwa imeonekana mapema: Siku ya Krismasi ya 1971, mkulima wa Isimani alimuua kwa bunduki Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Klerruu.

Kilimo cha pamoja kilishindwa, na ukame wa 1974 ukaikuta nchi imetoka kuhama. Pamoja na hayo, vijiji vilibaki. Shule, zahanati na bomba la maji vilijengwa mahali ambapo watu walikuwa wamekusanyika, na halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji ni vyombo vya kisheria hadi leo. Anayehukumu ujamaa kwa mazao peke yake anasahau shule, na anayehukumu kwa shule anasahau malori. Sisi tunaona kwamba kulazimisha kulikuwa kosa kubwa, na kwamba waliobomolewa walistahili kuombwa radhi.

Jamii ya Waasia ilipatwa na nini?

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, na ingawa sheria haikutaja rangi, waliopoteza zaidi walikuwa Waasia. Maelfu walihamia Uingereza na Kanada. Waliobaki, na wengine waliorudi baada ya milango ya biashara kufunguliwa, wameendelea kuwa Watanzania wenye misikiti, mahekalu, hospitali na viwanda vyao, ijapokuwa ndoa kati yao na Waafrika bado ni chache mno.

Mbona Zanzibar haizungumziwi?

Kwa sababu ina historia yake: ulinzi wa Waingereza kuanzia 1890 chini ya usultani, uhuru wa Desemba 1963, Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 na Muungano wa tarehe 26 Aprili mwaka huohuo. Kuichomeka hapa kwa aya mbili kungekuwa kuidharau.

Mageuzi ya uchumi yalibadilisha nini katika tabia za watu?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, sabuni na sukari zilipatikana kwa foleni na kwa kujuana. Rais Ali Hassan Mwinyi aliingia Ikulu mwaka 1985, mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa ukafuata mwaka 1986, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Mitumba ikajaa, mwalimu akafungua genge ili mshahara ufike mwisho wa mwezi, na vijana wa kusini walioitwa wamachinga wakalipa jina lao kundi zima la wachuuzi. Televisheni iliingia Bara mwaka 1994, vyama vingi vikarudi mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ukafanyika mwaka 1995.

Kilichobadilika zaidi ni namna ya kuutazama utajiri. Kiongozi aliyekuwa na nyumba ya kupangisha chini ya Azimio la Arusha alipoteza sifa ya uongozi; baada ya Azimio la Zanzibar la 1991 hilo halikuwa kosa tena. Pengo kati ya mtoto wa shule ya binafsi inayofundisha kwa Kiingereza na mtoto wa shule ya kata limekuwa pana, na katika pengo hilo tunaona mfanano na zile shule za rangi tatu, isipokuwa sasa kinachotenga ni pesa.

Je, mjini watu wameacha mila?

Wamezibeba na kuzikata upya. Mwaka 1967 nchi ilikuwa na watu milioni 12.3 na wengi mno waliishi vijijini. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, zaidi ya theluthi yao mijini, na zaidi ya milioni 5 katika Mkoa wa Dar es Salaam peke yake.

Tazama harusi. Zamani ukoo ulichanga ng'ombe na pombe. Leo kadi ya mchango hufika miezi miwili kabla, kamati hukutana kila wiki katika baa au ukumbi wa kanisa, mwenyekiti ni bosi wa kazini, mweka hazina ni jirani, na kwenye kundi la WhatsApp majina hupangwa na alama ya tiki kwa aliyetuma kwa simu. Mchaga huchangia harusi ya Mndengereko, naye hukumbuka. Wakati huohuo mshenga bado anatumwa, mahari bado inajadiliwa kwa kunung'unika, na shangazi bado ana neno la mwisho kuhusu blanketi la bibi. Msiba ni vivyo hivyo: vyama vya kuzikana vya mjini, ambavyo wakati wa Mwingereza vilifuata kabila, sasa hufuata mtaa, ofisi au jumuiya ya sala.

Hali ya wanawake imesonga mbele?

Katika siasa, ndiyo, na walianza mbele. Bibi Titi Mohamed aliingiza wanawake TANU kupitia vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam kuanzia 1955, wakati wasomi wengi wa kiume serikalini walikuwa wamezuiwa au wanaogopa kujiunga. Wanawake hao waliuza vito vyao na kuwaficha wanachama. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimpa mke haki ya mali na kuweka talaka mikononi mwa mahakama. Anne Makinda akawa Spika mwaka 2010, na Samia Suluhu Hassan Rais tarehe 19 Machi 2021.

Sheria hiyohiyo ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kupinga kifungu hicho na kushinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye mwaka 2019.

Panapouma zaidi ni urithi. Mila za kabila baada ya kabila zilikusanywa na kutangazwa mwaka 1963 kuwa sheria ya wilaya nyingi za Bara, nazo zinamweka binti katika daraja la tatu la warithi na kumnyima haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990, katika kesi ya Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyekuwa ameuza shamba alilorithi kwa baba yake, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alitamka kwamba ubaguzi huo unapingana na Katiba. Sheria za ardhi za 1999 zikasema wazi kuwa mwanamke ana haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Lakini tangazo la 1963 halijafutwa, na katika mabaraza ya ukoo mjane bado huambiwa kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mababu, ingawa mababu wenyewe hawakuwahi kuandika kanuni hiyo popote. Iliandikwa na maofisa na wazee wa kiume waliokaa meza moja, bila mwanamke kuulizwa.